Sikuandika Programu, Lakini Nilikuwepo

Mtaa wa Tena, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mguu umepona, au bado unakusumbua ukitoka shambani? Mimi ni mzima, ila jioni zinanilemea. Majirani wakianza kuita watoto wao waingie ndani, nakukumbuka hadi chakula kinanishinda.

Dada Rose aliniandikia kwamba unauliza ni kazi gani inayonizuia kuja nyumbani Jumamosi. Nina jirani, Hassan, mzaliwa wa mtaa wa Majengo hapa Nairobi. Yeye na wenzake walio nchi za mbali wanatengeneza programu ya kompyuta ya kuweka habari za wagonjwa. Hawaiuzi. Wameiacha wazi, yeyote aichukue, na anayejua airekebishe. Mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja.

Hassan aliipeleka kwenye zahanati ndogo katika mtaa wa Kiamaiko. Haukupita muda, muuguzi wa pale, Sista Amina, akarudi kuandika kwenye kadi. Hassan aliumia. Alikuja kwangu akasema anaacha, watu hawathamini kitu cha bure. Nikamwomba anipeleke huko.

Nilikaa kando ya Amina nikamtazama akifanya kazi. Kila alipokwama aliondoa mikono kwenye kompyuta na kuiweka mapajani. Nikamuuliza kwa nini.

"Naogopa nitabonyeza vibaya nipoteze habari za mgonjwa wa mtu," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba akikosea anaweza kurudi nyuma.

Basi Jumamosi zangu zikaishia huko. Niliandika maelezo kwa Kiswahili chepesi, Amina akayajaribu, palipomchanganya nikaandika upya. Wale wa mbali nao niliwaandikia kwa kompyuta, nikawaeleza ni maneno gani ndani ya programu yanayowatisha watu. Mmoja wao akanijibu kwamba asiyejua kuandika programu asiwafundishe kazi. Mama, nililia. Nilitamani kupanda basi la kuja huko na nisirudi tena.

Hassan alimjibu mbele ya wote: "Bila Nafula, hii programu ingebaki yetu sisi wenyewe tu."

Yule mtu akaomba radhi na kuyabadilisha yale maneno. Sasa maelezo yangu husafiri pamoja na programu, na jina langu limo kati ya walioitengeneza.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Amina akimfundisha muuguzi mgeni. Nilikaa pale asubuhi nzima bila kuulizwa neno. Nilifurahi mno, kisha ukiwa ukanishika, kwa maana nilitaka kumsimulia mtu, na mtu huyo ni wewe.

Nisalimie Baba Mdogo Wafula, anayekulimia, na bibi yetu, Kukhu, mwambie kicheko chake bado nakisikia. Rose, dada yangu unayesoma barua hii, asante kwa kumtunza Mama. Akikujibu, usiyanyooshe maneno yake. Yaandike vile anavyoyasema, hata kama ananigombeza. Nataka kumsikia.

Ni mimi binti yako, niliye mbali kwa miguu tu,
Nafula