Mbeleko ya Dada

Bagamoyo,
9 Machi 1976

Shemeji Bwanaheri,

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo. Kuku wako mwekundu ameangua vifaranga saba, na mwewe hajawaona bado. Mtihani wa Historia nimeumaliza. Dada Mwanajuma aliniambia niandike habari hizo tu, nami nimeziandika.

Lakini, shemeji, asubuhi ile ulipoondoka kwenda Pangani nilimsindikiza Dada zahanati. Njiani aliniambia kwamba ule mpira wenu wa usiku ulipasuka, nawe ukasema tumwachie Mungu. Daktari aliyempasua Dada, mtoto wenu alipofia tumboni, alisema Dada akishika mimba mapema, mshono utaachia na yeye hatapona. Nesi akampa vidonge vya kuzuia mimba isiingie.

"Nitamngoja mume wangu," Dada akasema.

"Mwanangu, dawa hii haimngoji mtu," nesi akamwambia. "Hata huyo mume."

Dada alikaa na vidonge mkononi mpaka jioni. Akaniuliza vitabu vyangu vinasemaje. Nikamwambia vitabu havisemi kitu, ila mimi namtaka yeye. Akavimeza, akatapika, akameza vingine, kisha akalia kama siku ile tulipomzika mtoto.

Najua unavyomtaka mtoto. Na yeye anamtaka, pengine kukushinda.

Jana alitoa sandukuni ile kanga uliyomnunulia iwe mbeleko, akanipa nifungie vitabu vyangu vya shule. Ukirudi, tafadhali usimwulize iko wapi.

Shemejiyo mdogo,
Tatu