Mkono Umekufa Ganzi, Sasa Sijui Kama Niliapa Kweli

Mpendwa Mama Mshauri, habari ya kazi, mimi hapa Ruiru akili imevurugika na sina mwingine wa kumwuliza. Jina langu Muasya, mpishi kwa Mzungu mmoja wa kahawa, na mwaka jana nyumbani Ukambani nilishtakiana na jirani yetu Ndambuki juu ya mpaka wa shamba, wazee wakasema tule kithitu, kile kiapo chetu ambacho ukisema uongo kinakumaliza wewe na watu wako, nami nikaapa ya kwamba nilimwona marehemu baba akipanda ile miti ya mpaka, basi shamba likabaki kwetu na mama analima hapo mpaka leo. Sasa mkono wa kuume, ule niliouapia, kidole cha mwisho na jirani yake vilianza kuwaka kama vimepakwa pilipili, halafu vikafa ganzi, sasa vimejikunja havitaki kunyooka, na juzi jikoni nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikafungua jiko, hakuna nyama, kumbe ni mkono wangu umelala juu ya chuma cha moto! Memsaabu, mke wa huyo Mzungu, hunisifu ati nashika sufuria bila kitambaa, naye hajui. Karibu na kiwiko kuna baka limepauka, haliwashi, hata nikilifinya silisikii. Mke wangu Mbithe analia, "Baba Kanini, nenda ukatubu kabla hakijamshika mtoto," nikamwambia sikusema uongo, akaniuliza, "Uliona kwa macho, ama uliambiwa?" na hapo ndipo nilipopotea, Mama, maana nikifumba macho namwona baba na jembe, halafu nafikiri labda ni mama aliyenisimulia, sijui tena. Jumamosi nimepewa ruhusa niende nikakiri kwa wazee na kumwachia Ndambuki shamba. Je, mkono utapona?

Muasya, Ruiru

Muasya, pole sana. Na sasa kaa chini nikugombeze.

Mtu anaungua mpaka ananusa nyama yake, halafu anapanga safari ya kwenda kwa wazee! Hospitali ya Thika hujaiona? Sikitukani kiapo chenu. Lakini shika kiwiko chako, upande wa ndani, pale ukijigonga unaruka. Hapo unapita mshipa wa fahamu, ndio unaopeleka habari za moto na maumivu kutoka kidole cha mwisho na jirani yake. Vidole vyako hivyo hivyo, bwana! Mshipa huo umeumia, na baka lisilosikia liko karibu nao. Mimi siwezi kupima ngozi kwa barua, ila huenda ni ukoma. Usilitupe gazeti. Siku hizi ukoma una vidonge vyake, na anayeanza mapema huokoa vidole vyake. Kilichokwisha kufa huenda kisirudi chote, sitakudanganya, kwa hiyo usichelewe hata wiki.

Jumamosi uende kwa daktari, na Mbithe na Kanini uwachukue wakaangaliwe pia. Mwonyeshe baka kabla ya vidole. Tangu leo usishike sufuria bila kitambaa kinene, na moto uupime kwa mkono mwingine, ule unaosikia. Kila jioni kagua mkono wote kwa macho, maana kidonda hakitakuita. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, upake mafuta, uvinyooshe vidole polepole. Na memsaabu umwambie. Sifa za namna hiyo zitakumalizia mkono.

Sasa juu ya baba yako. Uliapa ukiwa mzima na akili yako imetulia. Leo unaogopa, na mtu mwenye hofu akiulizwa jina lake atasitasita. Ukija kukumbuka kweli kwamba uliambiwa tu, waambie wazee hivyo, siku ambayo mkono haukutishi. Lakini ukienda Jumamosi kukiri uongo usioujua, Ndambuki atachukua shamba, mama yako atakosa pa kulima, na wewe utarudi jikoni na mkono ule ule usiosikia moto.