Betri za Chini ya Kitanda

3 Februari

Mwanangu Kimbaumbau,

Hujambo? Mkeo hajambo? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi ya basi.

Nakuandikia kwa sababu betri zina kiu. Jana nilipofika nusu ya kushona turubai, cherehani ikaanza kukokota sindano, taa nayo ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Unajua mwenyewe marehemu baba yako alivyozificha: chini ya kitanda, nyuma ya tangi la maji, utadhani zinawindwa na majambazi. Aligeuza basi letu kuukuu kuwa nyumba nzima, jiko, kabati, kila kitu, halafu betri akaziweka mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Unafika wako tu, kwa huo wembamba wako.

Mkandarasi ninayemshonea maturubai amemaliza ujenzi hapa. Anahamia mji wa juu na anataka nimfuate. Nimfuateje? Nikiwa mbali nawe, nani atazinywesha? Nimebaki hapa nyuma ya gereji. Sikulaumu, mwanangu, lakini mara ya mwisho ulijaza maji ukaondoka kama umeona nyoka. Utakuja lini?

Mama yako

21 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na mkwe wako anakusalimu sana. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi hapa ghalani imetubana.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi, usikitupe. Ni mtambo tunaoutumia kwenye betri za magari ya kunyanyulia mizigo. Kila tundu la betri linapata kifuniko chenye kiboya ndani, na vifuniko vyote vinaunganishwa na mpira mmoja wa maji unaotokea mlangoni. Unatia ncha ya mpira kwenye dumu la maji ya betri, unaminya pampu ya mkono. Tundu likishiba, kiboya kinaelea na kuyafunga maji. Pampu ikigoma, ujue yote yameshiba. Chaji kwanza, ndipo ujaze. Maji ya bomba hapana, na asidi usithubutu.

Kazi ni kuvifunga tu, na ni mara moja. Mwombe yule fundi bomba wa hapo gerejini. Baada ya hapo hutanihitaji tena.

Mwanao

28 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika. Wewe hujafika.

Hiyo sentensi yako ya mwisho nimeirudia kuliko maelezo ya pampu. Ati sitakuhitaji tena! Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Habari ya kumsubiri mtoto aliyekwisha kulelewa hawakuisema, labda walichoka.

Mpira wako uko juu ya kabati na utakaa huko huko. Nikiufunga, utakuja kufanya nini huku? Tangu tumzike baba yako umekuja mara mbili, na zote mbili umezungumza na betri. Nimekukosea? Mkeo hanitaki? Niambie, nitastahimili. Mimi nakuhitaji hata taa zikiwaka zote.

Mama yako

15 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Hukunijibu, nami nimefanya ujinga wa kizee.

Cherehani ilizima kabisa. Nikachukua kioo na birika, nikalala kifudifudi nikamimina kwa kukisia. Tena nilijaza kwanza ndipo nikachaji, kinyume cha maelezo yako, kwa ukaidi tu. Maji yakafurika pamoja na asidi. Blanketi la baba yako nililokuwa nimelalia limetoboka matundu, na mkono uliniwasha kama moto mpaka nikausuuza kwa ndoo nzima ya maji. Sijambo sasa. Sikuandikii kukutisha. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Nenda hospitali, nakusihi, na usiziguse tena.

Hujanikosea lolote. Mkwe wako ndiye anayenisukuma nije kila wiki. Tatizo langu ni kile kitanda.

Siku ile ulipokwenda kupeleka maturubai, nilikuja kujaza maji. Nikamkuta Baba amelala. Nikamwambia, "Mzee, sogea kidogo niinue godoro." Hakusogea. Nikamtania, nikamwambia anajifanya bwanyenye, kazi kulala mchana huku wenzake wanasaga meno. Nikamshika bega nikamtikisa. Uliporudi nilikwambia nimemkuta ameshatutoka, nawe ukadhani nilijua mara moja. Sikujua, Mama. Nilikuwa namtania maiti.

Kila nikiinua kitanda kile naisikia sauti yangu. Nikaona mpira huu utanisaidia, betri zitashiba na mimi sitaingia humo tena. Sikukukimbia wewe. Ila sijui nitakujaje kwako bila kuingia humo ndani.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole sana, mwanangu. Nimelia mpaka fundi bomba akadhani nimefiwa upya. Kumbe ulilibeba hilo peke yako, na mimi huku nakununia!

Sikiliza. Baba yako aliondoka usingizini, na maneno ya mwisho aliyosemeshwa hapa duniani yalikuwa utani wa mwanawe. Nimemjua mzee yule maisha yangu yote. Angechagua hayo hayo.

Mpira umefungwa. Fundi bomba ana mkono mrefu, na mdomo mrefu zaidi. Nimechaji, kisha nimejaza nikiwa nimesimama mlangoni, nikaminya mpaka pampu ikagoma. Mkono wangu umepona. Sasa naweza kwenda popote, na mkandarasi ananisubiri mji wa juu, ila njia nimeizungusha kidogo. Usishangae, basi hili nililiendesha wewe hujaota meno.

Barua hii umeletewa na askari wa geti la ghala lenu. Anasema basi haliruhusiwi kuingia, nami nimemwambia sina haja. Niko ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta. Kitanda sikukitoa, kwa sababu ni changu pia na ndipo ninapomkumbuka. Siku ukiweza utaingia. Usipoweza, basi, hakuna atakayekuuliza.

Viti viwili nimevitoa nje. Njoo tukae.

Mama yako