Nyuma ya Bibi Harusi

Jumatano, 6 Machi 1996

Baba mdogo Massoudi amepata lenzi nyingine ya studio. Ni ya milimita 35, tundu lake linafunguka mpaka 1.4. Ya zamani ni 28. Amenituma nizijaribu. Nilimweka dada Asiya uani, hatua mbili, lenzi zote nimezifungua mwisho. Kwa 28, nyuma yake kila kitu kinasomeka: kamba ya nguo, sufuria, hata Télesphore akimenya viazi, kichwa ameinamisha. Kwa 35 nyuma imeyeyuka kama mawese juani. Majani ya mgomba yamekuwa madoa laini, ya pembeni yamebonyea kidogo. Télesphore ni doa la bluu tu. C'est beau, inapendeza! Sikumwambia mutu. Mi huwa sisemi.

Télesphore ni fundi wetu wa kuosha picha. Nyumba yao mtaa wa Kamenge ilichomwa mwaka jana, kwenye vita hivi. Tangu hapo analala kwetu Buyenzi, hatoki. Wanaomtafuta wana jina lake. Sura hawana.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya swala alikuja bwana Sleiman, wa Kigobe, mtaa wa wakubwa. Anasema ni mjomba wa kijana anayemuoa binamu yangu Zubeda. Alizitazama picha zangu mbili – muda mrefu. Ile ya 35 akaisukuma kando. Eti, mutu anaoa ili aone ukungu? Anataka 28, na wote wa nyuma waonekane sura. Kidole chake kilikuwa kwenye viazi vya Télesphore. Akauliza huyu ni nani. Baba mdogo akajibu haraka mno: mpishi wetu wa harusi.

Basi tutamuona, akasema.

Wapishi wa harusi hupigwa picha nyuma ya bibi harusi, na miiko yao. Baba mdogo alisahau!

Jumanne, 12 Machi

Asiya anasema nina wasiwasi wa bure, watu wa Kigobe hupenda picha kubwa za kutundika ukutani. Labda. Nimemwomba Télesphore asisimame kwenye picha. Anasema akikosekana, ndipo wataulizana.

Jumamosi, 16 Machi

Harusi mchana, sababu ya couvre-feu, usiku ni marufuku kutoka. Baba mdogo ana malaria, kamera nikapewa mi. Nikaifunga lenzi ya 35 kwenye kamera. Nikamsogeza Zubeda karibu, karibu kabisa. Nyuma, miiko tu na mawingu ya nguo. Kisha pumzi begani kwangu. Sleiman, anasoma namba ya lenzi.

"Binti, si tulisema 28?"

Nikabadilisha. Niliifungua mwisho, bure, nyusi zao zote naziona, hata za Télesphore. Akaniambia nirudi nyuma. Nikarudi. Nikapiga.

Sasa saa kumi. Sleiman yuko sebuleni na chai. Anataka filamu hivi ilivyo, ataiosha kwake, tusijisumbue. Nani huosha picha za harusi Kigobe? Huko hakuna hata studio.

Nimejifungia bafuni na kamera. Jua linaingia dirishani. Filamu ni moja, harusi yote ya Zubeda iko humo, na mama yake akilia. Mgongo wa kamera ukifunguka kwenye mwanga, basi, haibaki hata sura moja.

Asiya anagonga. Chai ya mgeni imekwisha, anasema.

Nimegusa kifungio cha mgongo wa kamera. Kumbe ni chepesi hivi.