Filimbi ya Mafuriko

Mwanangu kifungua mimba,

Mimi baba yako ni mzima, jino moja tu limeniaga. Paa nimeliziba mwenyewe, mafundi wa siku hizi wangelitoboa zaidi.

Juzi walikuja watu wa maafa kutufanyisha zoezi. Wanasema mvua zijazo mto utapanda hadi madirishani, kwa hiyo filimbi ikilia kila mtu akimbilie shuleni kule mlimani. Mama yako, kwa miguu yake ile, wakamletea machela. Nikawafukuza. Nikawaambia, "Huyu ni mke wangu. Mimi nimebeba mawe ya nusu ya nyumba za mtaa huu, leo nishindwe na mwanamke mmoja?"

Filimbi ikalia, nikambeba mgongoni. Kufika kizingitini magoti yakanigomea, nikakaa chini naye bado yuko mgongoni, majirani wote macho kwetu. Mama yako akauliza kwa sauti, "Mwenzangu, tumeshafika?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Lakini mikono yake haikuachia shingo yangu hata kicheko kilipokwisha.

Majirani nimewaambia niliteleza. Wewe nakuambia kweli.

Njoo umchukue akae kwako huko kusiko na mto. Usimwambie nimekuita, sema umemkumbuka. Mimi nabaki na nyumba yangu. Nilivyoijenga, maji yatabisha hodi kwanza.

Ni mimi baba yako, nguvu bado ninazo, ila usikawie,

Fundi Mawe