Kompyuta Iliyopelekwa Kidato cha Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ngina Wainaina. Umri: miaka 47. Kazi: mwalimu wa Kiswahili. Makao: Kinoo.

Nafundisha katika shule ya wasichana iliyoko Spring Valley. Mapema mwaka huu mzazi mmoja alituletea kompyuta. Mwalimu mkuu, Bwana Waweru, akaiweka ofisini mwake, ikawa ya kuonyeshwa wageni. Mwalimu wa hesabu, Caren Nanyama, alimwomba mara nyingi aitumie kufundishia, akaambiwa wasichana wataiharibu. Mimi nilimuunga mkono Bwana Waweru. Niliona mashine ile itatufanya sisi walimu tuwe walinzi tu wa darasa. Nilisema hivyo mkutanoni, na Nanyama alitoka nje akilia.

Mnamo tarehe 12 Juni 1979, kama saa nne asubuhi, Bwana Waweru akiwa ameenda mjini, nilikutana na Nanyama kwenye varanda. Alikuwa ameibeba kompyuta, ameifunika kwa leso yake ya kujitanda. Akaniambia, "Mwalimu, nisukumie mlango, mikono imejaa." Nikamsukumia. Lilikuwa darasa la Kidato cha Pili.

Sikuondoka. Nilisimama nyuma nitazame. Aliwaita wasichana mmoja mmoja wabonyeze vitufe. Kavata, ambaye katika kipindi changu hajainua mkono tangu mwaka uanze, aliandika hesabu yake, jibu likatokea kwenye kioo. Akasema, "Imekosea, Mwalimu." Nanyama akamjibu, "Inafuata ulichoiambia. Hebu tafuta ulipokosea." Kavata alitafuta mpaka akapaona. Akacheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake.

Bwana Waweru alirudi kipindi kikiendelea. Hakuuliza neno. Alipiga simu polisi kwamba kompyuta imeibwa, na Nanyama akachukuliwa mbele ya wanafunzi wake.

Jioni mwalimu mkuu aliniita. Alisema, "Mwalimu Ngina, mimi na wewe tuko pamoja kwa jambo hili. Waambie polisi ulimwona akielekea getini na kompyuta."

Nikasema, "Lakini getini hakwenda."

Akasema, "Fikiria kazi yako."

Nimefikiria. Kompyuta bado siipendi. Nanyama hakuiba. Alikwenda kufundisha.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: N. Wainaina
13 Juni 1979

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nilimwambia yuko huru kwenda. Amejibu kwamba haondoki bila mwenzake Nanyama. Ninapoandika haya, bado ameketi kwenye benchi hapa kituoni.

Koplo Z. Odero