Chini ya Turubai la Kasmiri

Korogwe, 3 Mei 1951

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila mafua ya mvua hizi. Wewe je, na Swaumu? Ile miguu yako imepoa?

Mama, nimeondoka kama mwizi, wewe ukiwa kisimani. Hapa Korogwe nimepata nafasi kwenye lori la dereva mmoja, Kasmiri. Tutapita Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka kwetu Kasulu, ambako sijui kama yupo anayenikumbuka. Sasa tunangoja barabara ikauke.

Sina kinyongo na Mzee Mhina. Ni kweli nilikuja huku manamba, kukata mkonge. Nilipougua nikatolewa kambini, ni mumeo, Mzee Mbwana, Mungu amrehemu, aliyeniokota akanileta kwenu. Lakini siku ya arobaini yake, ndugu yake Mhina aliposema, "Huyu si wa ukoo, arudi kwao," nilikutazama wewe. Ulikuwa unapepeta mchele. Hukuinua uso.

Nisamehe kwa kutokuaga.

Mwanao,
Lukasi

Handeni, 9 Mei 1951

Mwanangu Lukasi,

Marahaba. Anaandika dada yako Swaumu, hajarudi kwa mumewe tangu arobaini; ninayesema ni mimi. Miguu bado inavimba, hilo si neno.

Maneno ya Mhina niliyasikia. Nyumba hii ni ya ukoo wao, na mimi mjane. Niliogopa nikikutetea tutatolewa sote. Tangu hapo nikienda kisimani nafunika uso, maana wanawake wananiuliza, "Mwanao yuko wapi?" Miaka yote niliwaambia wewe ni mwanangu, na siku ya kulisema neno hilo mbele ya wanaume, nikalimeza.

Lori lazima lipite Handeni. Nitakuwa pale sokoni kila nikisikia lori. Shuka, mwanangu, hata kwa kunywa maji tu, nikuage.

Mama yako

Dodoma, 26 Mei 1951

Shikamoo Mama,

Tumefika, nina homa kidogo. Nakuombea afya.

Siku ile lori lilipopita Handeni, nilikuwamo. Kasmiri alipokuambia sipo, nilikuwa nimelala chini ya turubai, kati ya magunia. Mimi ndiye niliyemsihi aseme hivyo. Nilisikia ukimwuliza, "Hayumo kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kushuka. Lakini nilipokuona umesimama na kanga imelowa, nikaona haya. Nimekula kwako miaka yote ile, kisha nikakuandikia maneno ya kukulaumu. Ningekutazamaje? Lori lilipoondoka niligonga ubao Kasmiri asimame. Hakusikia. Au niligonga kidogo sana.

Mihogo uliyomwachia alinipa. 

Kama moyo hautaki, usinijibu. Nitakuwa Kasulu, misheni.

Lukasi

Kwashemshi, 14 Agosti 1951

Mwanangu Lukasi,

Marahaba, na pole ya homa. Swaumu anakusalimu, anaandika huku anapika. Safari hii umeweka jina tupu mwisho wa barua, bila "Mwanao". Nimeliona.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nahama. Sikiliza ilivyokuwa.

Nilijua umo. Kasmiri hajui kusema uongo, alinijibu akitazama gurudumu. Mkono wangu ulifika kwenye turubai, nikaurudisha. Nikasema, mimi ni nani nimfunue mtu na aibu yake mbele ya soko, na yangu nimeificha nyumbani?

Nikaenda kwa Mhina na kanga ile ile iliyolowa. Wazee wenziwe walikuwepo. Nikawaambia, "Mume wangu aliposhindwa hata kugeuka kitandani, Lukasi ndiye aliyemwosha. Ninyi mlikuwa wapi? Yule ni mwanangu."  Baada ya mavuno Mhina akasema, anayemtaka manamba wake amfuate. Nikafunga mkeka wangu, nikaja huku kwa Swaumu na mumewe.

Aibu haijaisha, mwanangu. Nilichelewa kusema, na wewe ukaondoka. Ila sasa nalala usingizi.

Ukija, usishuke Handeni, hakuna wa kukupokea pale. Njoo na lori mpaka Korogwe, uulize njia ya Kwashemshi. Watu wa hapa wameniuliza watoto wangu ni wangapi. Nimewaambia wawili, mmoja yuko safarini.

Mama yako